Biro ya pamoja ku Mugunga: nani atashika ufunguo?

Ku Mugunga, pembeni ya barabara ya kwenda Sake, mtu akijenga chumba mbele ya parseli yake, majirani wanajua kazi itakayofanyika mle hata mbele ya bati kupigiliwa: butiki, saluni, fasi ya kuchaji telefone, ao kibanda cha kutuma na kutoa makuta kwa telefone. Siku hizi kuko jibu la tano, na vijana waliosoma njo wanalitamka sana: kowokingi. Maana yake si ngumu. Ni nyumba moja yenye meza, viti, umeme na intaneti, ambamo watu wa kazi mbalimbali wanatumika pamoja bila kuwa na patro mmoja. Huyu anafanya hesabu za duka, yule anachora matangazo, mwingine anatafsiri barua, na kila mmoja analipia kiti chake kwa saa, kwa siku ao kwa mwezi. Kwenye ukurasa huu tutaiita biro ya pamoja, ili kila mtu nyumbani aelewe.

Msomaji wetu wa Rubaya, wa Numbi ao wa Walikale anaweza kuuliza: habari ya meza na ordinatere inamhusu nini mtu wa shimo? Inamhusu mara mbili.

Kwanza, makuta ya madini njo ilijenga sehemu kubwa ya Goma. Kila mtu anajua maetaji zile zilizopanda Himbi na Keshero miaka ya koltani, na namna mchimbaji aliyepata kidogo alikuja kununua parseli ku Ndosho ao ku Mugunga, fasi ambayo bei ilikuwa bado inafikika. Nyumba nyingi zilijengwa kwa hesabu moja tu: kupangisha ma-ONG na watumikaji wao. Pili, makuta ileile ililipa masomo. Kuko watoto wengi waliomaliza UNIGOM, ULPGL, ISIG ao ISTA juu papa alishuka ndani ya shimo na mama alibeba mifuko.

Kiisha mwaka wa 2025 ukafika. Mwisho wa mwezi wa kwanza AFC/M23 ikaingia Goma, umeme na maji vikakatika, uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki zikafunga milango. Katika majuma yaleyale, Marekani ikakata misaada ya USAID, na miradi mingi ya ONG iliyokuwa inalisha familia za hapa ikasimama. Kambi za wakimbizi wa vita zilizokuwa zimejaa Mugunga na Lac Vert, zile ambazo bomu zilianguka ndani yao tarehe 3 mwezi wa tano 2024, zikabomolewa mwezi wa pili. Mtu aliyekuwa anauza makala, beignets ao vocha pembeni ya kambi akabaki na meza yake bila wateja. Yule kijana wa ONG akarudi nyumbani na ordinatere ndani ya mfuko, bila biro.

Kwa hiyo leo kuko papa mwenye chumba kisicho na mpangaji, na kuko mtoto mwenye kazi ndani ya kichwa lakini hana fasi ya kuifanyia. Papa anajiuliza: nikiweka meza kumi na wifi, itanilipa? Mtoto anajiuliza: nikilipa dola 20 kwa mwezi, nitapata nini ambacho sina kitandani kwangu? Maswali haya mawili hayafanani, na makosa mengi yanatokea wakati mtu anajibu la kwanza bila kujibu la pili.

Tuangalie jambo hili lilitokea wapi. Mwaka wa 2005, ku San Francisco, kule Marekani, kijana mmoja wa programu anayeitwa Brad Neuberg alichoka na mambo mawili: kutumika chini ya patro, na kutumika peke yake nyumbani. Akapangisha fasi kwa siku mbili za juma, akaweka meza, akaita wengine waje. Wiki za kwanza hakuna aliyekuja. Ilibidi aingie njiani, aongee na watu mmoja mmoja. Tunataja hii kwa sababu watu wengi wanafikiri meza ikiwekwa watu watakuja, sawa vile butiki ikifunguliwa watoto wanakuja na mia tano ya sukari. Biro ya pamoja haina njaa ya kuileta watu kila asubuhi. Watu wanafuata watu.

Karibu na sisi, mfano uliosikika sana ni iHub ya Nairobi. Ilifunguliwa mwezi wa tatu 2010 kwenye barabara ya Ngong, mbele yake akiwa Erik Hersman, mmoja wa wale walioanzisha Ushahidi, ile ramani ya habari iliyozaliwa wakati wa fujo za uchaguzi wa Kenya. Wakati ule nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa ndiyo kwanza zimefika Mombasa, mwaka wa 2009, na kijana wa kawaida hakuweza kulipa koneksio ya nguvu nyumbani. iHub ikampa. Lakini haikumpa kila mtu vilevile. Kulikuwa na wanachama wa rangi tatu: weupe, ambao walifuata tu habari na mikutano, wa kijani, ambao walichaguliwa na kuruhusiwa kuja kutumika bila kulipa, na wekundu, ambao walilipa ili wawe na meza yao. Makuta ya kuanzisha ilitoka kwa wafadhili, Omidyar Network na Hivos.

Tusimame hapo kidogo. Wale wa kijani hawakulipa, lakini njo wao waliifanya nyumba iwe na bei. Mwekundu alikubali kulipa meza kwa sababu pembeni yake alikaa mtu anayejua kitu. Ukihitaji mtu wa kukutengenezea programu ya telefone, hukuandika barua wala kuweka tangazo, ulinyanyua kichwa tu. Katika kundi lile la watu wa Ushahidi na iHub ilitoka BRCK, kisanduku cha intaneti chenye betri ndani yake, kilichoonyeshwa mara ya kwanza 2013, kilichofikiriwa kwa miji ambayo umeme unakatika kila mara. Mtu wa Goma haitaji kuelezwa faida ya kisanduku vile. Kilifikiriwa na watu waliokuwa wanakatikiwa umeme pamoja, chini ya dari moja.

Lakini iHub haikubaki vilevile. Wafadhili hawalipi milele, na intaneti ikashuka bei Nairobi, ikaingia manyumbani na ndani ya telefone. Mwezi wa tisa 2019 nyumba ile ikanunuliwa na Co-Creation Hub ya Lagos, Nigeria. Sisi tunaisoma hivi: nyumba inayouza intaneti peke yake inaishi mpaka siku ambayo intaneti inakuwa bei chini ku jirani. Ile iliyobaki na thamani ni majina ya watu na mazoea ya kukutana. Kinshasa nako kuko Silikin Village, ndani ya konsesio ya Utexafrica ambako zamani kulikuwa kiwanda cha nguo. Mwenyewe ni kampuni Texaf, yenye majengo na udongo wake, na hiyo si hali ya papa wa Mugunga mwenye chumba kimoja. Usiangalie Kinshasa ukapima Mugunga.

Turudi hapa kwetu, juu ya mawe ya volkano. Ni nini hasa mtu wa Mugunga atanunua akilipia kiti?

Umeme, kwanza. Goma iko na bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina. Tangu 2015 barrage ya Matebe, ku Rutshuru, iliyojengwa na watu wa parke ya Virunga, inaleta umeme wa maji. Na tangu 2020 kampuni Nuru iko na mitambo ya jua ya megawati 1,3 ku Ndosho, kartiye inayopakana na yetu. Kwa hiyo umeme uko, lakini unalipiwa mbele, na si kila avenue imefikiwa. Wakati vita ilikata waya, mwanzo wa 2025, tuliona vilevile kwamba umeme wa njia moja ni umeme wa bahati. Biro ya pamoja inaweza kuwa na njia mbili: waya na sahani za jua na betri. Mtu mmoja akinunua betri kubwa peke yake, anaingia deni. Watu 15 wakinunua, ni kama likirimba tu.

Kiisha kuko adresi, jambo ambalo watu wanadharau. Tangu tarehe 12 mwezi wa tisa 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, na sheria zile zinasema kampuni ikiandikwa kwenye rejista ya biashara, RCCM, lazima ionyeshe makao yake. Mtumikaji mdogo ambaye biro yake ni kitanda chake anaogopa kuandika «nyuma ya kanisa, mlango wa buluu». Na mteja wa mbali, wa Bukavu, Kampala ao Dubai, anataka kujua ukimtumia makuta akupate wapi siku kazi ikiharibika. Mlango mmoja wenye jina juu yake, unaofunguliwa kila siku saa mbili za asubuhi, unaondoa woga ule. Tunadhani hii inazidi wifi kwa faida, na haipo kwenye tangazo lolote.

Na kuko mambo ya makuta yenyewe. Mabenki zikifungwa, mji mzima unakuwa mkononi mwa telefone na mwa kambisti. CADECO ilifunguliwa tena mwezi wa nne 2025 chini ya utawala wa AFC/M23, lakini haikurudisha hali ya zamani. Mtu anayekaa peke yake na telefone yake anakatwa kila mara anapotoa makuta. Watu 15 wa nyumba moja wanaweza kubadilishana wao kwa wao: huyu anahitaji keshi, yule anahitaji makuta ndani ya telefone. Wamama wa AVEC na wa MUSO wanafanya hivi bila kuwa na ordinatere hata moja. Lakini inafanyika tu kati ya watu wanaojuana, wanaoonana kila siku, na ambao mmoja akikimbia, wenzake wanajua nyumba ya mama yake.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano, si bei ya mtu fulani. Tuseme chumba ni dola 150 kwa mwezi, koneksio 100, umeme 50, mlinzi 80. Jumla ni 380. Watu watano wakigawana, kila mmoja analipa 76. Kwa Mugunga ni nyingi, afadhali mtu abaki nyumbani. Wakiwa 20, kila mmoja analipa 19, na hawahitaji viti 20 juu hawaji wote siku moja. Viti 12 vinatosha. Hapo njo faida inaonekana: kiti kimoja kinatumikia watu wawili bila kugombana. Lakini vuta upande mwingine. Mwezi mmoja barabara inafungwa, ao risasi zinasikika ku Sake, watu wanane wanaacha kulipa. Wanabaki 12, na kila mmoja sasa anadaiwa dola karibu 32. Watatu wengine wanaondoka. Tisa waliobaki wanadaiwa zaidi ya 42. Nyumba inakufa ndani ya miezi miwili, na si kwa sababu mtu aliiba.

Hii si woga wa watu wa Goma peke yao. Kampuni WeWork ya New York, iliyoanza 2010, ilifanya kitu kimoja kwa maelfu ya meza: ilipangisha majengo kwa kontra za miaka mingi, ikayagawanya, ikapangisha watu kwa mwezi. Mwanzo wa 2019 ilihesabiwa kuwa na thamani ya miliari 47 za dola. Mwezi wa kumi na moja 2023 ikaomba tribinali iikinge na watu wanaoidai. Kontra ndefu kwa mwenye nyumba, kontra fupi kwa mpangaji: mchimbaji anaielewa haraka kuliko mtu wa biro. Ni sawa kukopa makuta ya pampu na ya mbao za shimo kwa negosia, deni likihesabiwa kila mwezi, na wewe bado hujagusa mshipa wa madini. Deni haliulizi kama mvua imenyesha.

Hapo tunafika ku jambo ambalo wasomaji wetu wanalijua kushinda vijana wa ordinatere, lakini hakuna anayewauliza. Wachimbaji wako na mazoea ya miaka mingi ya kutumika watu wengi fasi moja, kila mmoja na sehemu yake. Shimo moja linakuwa na mwenye shimo, ambaye fasi zingine wanamwita PDG, na maekipi, na wabebaji, na wasafishaji, na wamama wa kutwanga mawe kule Kamituga. Kila mmoja anajua sehemu yake mbele ya kushuka. Pasipo kupatana juu ya kugawa, hakuna anayeshuka.

Na wachimbaji wanajua vilevile namna kitu cha pamoja kinaweza kuwa cha mtu mmoja. Kodi minier ya 2002, iliyobadilishwa na sheria ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperative iliyokubaliwa na Leta. Wazo ni zuri: mtu peke yake mbele ya mnunuzi ni mnyonge. Lakini nani kati yetu hajaona koperative ambayo prezida, katibu na mhasibu wanakula sahani moja nyumbani? Kuna zile ambazo mwanachama anakatwa kwa kila kilo, na hajawahi kuona daftari. Ku Rubaya, mwaka wa 2013, COOPERAMMA na kampuni SMB ziliandika mkataba: wachimbaji wachimbe ndani ya konsesio ya SMB, na wauzie SMB. Karatasi ilikuwa nzuri. Kiisha ugomvi ukaingia, mmoja akisema malipo yanachelewa, mwingine akisema madini inapita njia ya pembeni, mpaka mapatano yakavunjika. Hatutaki kuhukumu kesi ile hapa. Tunaona tu kwamba jasho lilikuwa la watu maelfu, na ufunguo wa mlango haukuwa mkononi mwao hata siku moja. Tangu mwezi wa nne 2024, M23 ilipokamata Rubaya, ufunguo umebadilisha mkono, na mchimbaji bado anasubiri nje.

Biro ya pamoja inaweza kuanguka ndani ya shimo lilelile. Mwenye nyumba akiona watu wanapata wateja, anapandisha bei. Ao anawaambia: kila mteja anayeingia kupitia mlango wangu ni wangu, nipe asilimia. Ao anaweka mpwa wake kuwa «kordonateri». Mwanachama aliyeandika adresi ile kwenye karatasi zake zote, kwenye kadi zake, kwenye ukurasa wake wa Facebook, hawezi kuondoka bila kupoteza jina. Kile kilichompa thamani njo kinamfunga. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kulipa si wifi iko na mbio gani. Ni: siku nikitaka kuondoka, naondoka na nini?

Kuko njia ya kujikinga, na iko ndani ya sheria tuliyo nayo tayari. Sheria ya OHADA juu ya makoperative, iliyokubaliwa ku Lomé tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2010, inaruhusu koperative ndogo, ile nyepesi, kuanza na watu watano tu. Mtu mmoja, sauti moja, hata kama mwingine alileta betri na mwingine alileta kiti cha plastiki. Watu watano wa Mugunga wanaweza kuwa wenye biro yao: wanapangisha chumba kwa papa kwa kontra iliyoandikwa, wao wenyewe wanachagua nani anaingia, bei ni ngapi, na daftari linakaa wazi mezani. Papa anabaki mwenye nyumba, hawi mwenye watu. Tunapenda njia hii kuliko ile ya mfadhili anayekuja na bendera, anapaka rangi ukuta, anapiga picha, na miaka miwili nyuma meza zinauzwa. Goma iliona miradi ya namna ile ya kutosha.

Nani angekaa mle? Watu wanafikiri ni ya vijana wa ordinatere peke yao, na hapo sisi hatukubali. Chukua karatasi za koperative yenyewe: statuti, orodha ya wanachama, kadi ya mchimbaji, barua kwa SAEMAPE, ripoti ya mkutano. Mchimbaji analipa mtu wa mjini kwa kila ukurasa, na mara nyingi hajui kilichoandikwa ndani. Kijana wa Mugunga aliyesoma sheria, akiwa na meza ku biro ya pamoja, anaweza kuwa mwandishi wa makoperative matatu ao manne, akisoma kila ukurasa kwa Kiswahili mbele ya wenyewe kabla ya kutia sahihi. Ni kazi yenye wateja tayari, na inabakisha makuta ya shimo ku kartiye. Mhasibu wa kike anaweza kushika daftari za AVEC za wamama na za maduka ya barabarani. Mtengenezaji wa telefone anahitaji mwangaza na umeme usiokatika. Bei ya tantale na ya dhahabu ya soko la dunia inaweza kuandikwa kwenye ubao ukutani kila asubuhi, bila kulipisha mtu. Rubaya, wanasema wataalamu wa UN, inatoa karibu asilimia 15 ya tantale ya dunia, lakini mtu aliyeichimba anasikia bei ku mdomo wa mnunuzi wake.

Fundi wa kushona ni shida nyingine. Mashine sita za kushona zikilia, mtu wa kuongea na mteja wa Kampala kwa telefone hatasikia neno. Inahitaji vyumba viwili, ao saa mbalimbali. Na fundi wa chukudu abaki nje na msumeno wake, lakini atumie adresi na umeme. Tusidanganyane kwamba kazi zote zinakaa vizuri chini ya dari moja.

Kwa wamama kuko hesabu nyingine tena. Kutoka Mugunga mpaka katikati ya mji na moto, kwenda na kurudi kila siku, kunakula faida ya kazi ndogo yote. Biro ikiwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu, mama anaweza kuja saa tatu, arudi saa sita kunyonyesha, arudi tena. Na mlango ufungwe mbele ya giza. Nyumba inayojisifu kwamba iko wazi mpaka saa nne za usiku, ku Mugunga inafungia wamama mlango bila kusema.

Kuna jambo la mwisho ambalo linasemwa kwa sauti ya chini, na tunaona heri kuliandika. Ku mji ulio ndani ya vita, nyumba ambayo watu wengi wanaingia na kutoka na maordinatere inaangaliwa. Inaangaliwa na mwizi, inaangaliwa na mtu wa takse, inaangaliwa na mwenye bunduki. Anayetumika peke yake chumbani anaonekana kidogo. Walio 20 wanaonekana kutoka barabarani. Wenye biro ya pamoja wapatane tangu mwanzo: daftari la wanaoingia lina majina gani, linakaa wapi, na nani anaruhusiwa kulionyesha. Karatasi za wateja zisibaki mezani usiku. Mizani na mifuko ya madini isiingie mle kabisa, hata kwa saa moja, hata ikiwa ni ya ndugu, juu siku ile biro itageuka komptuari machoni mwa watu, na kila aliyekaa mle ataulizwa.

Kwa papa mwenye chumba, basi, tunashauri asidai bei nzima mwezi wa kwanza. Aandikiane na watu wale watano: miezi sita ya mwanzo wampe sehemu ya kile kinachoingia, tuseme theluthi, na wamwonyeshe daftari kila mwisho wa mwezi. Kama viti vikijaa, atapata kushinda mpangaji wa kawaida. Visipojaa, ataona mapema, mwezi wa tatu, mbele ya kununua meza ya kumi na moja, na chumba chake bado kitafaa kwa butiki. Ufunguo uwe mbili: mmoja kwake, mmoja kwa watano, na yeyote asibadilishe kufuli bila mwingine kujua.